Mkeka Juu ya Dimbwi

Miaka ya hamsini hapa Usagara, ukimwaga maji machafu njiani, bwana afya alikupeleka kortini. Shimo letu la maji machafu lilikuwa limejaa, mke wangu akamwaga maji ya kufulia mlangoni. Mara bwana afya huyo anakuja! Moyo ulinidunda hata kuku wakakimbia. Mama mkwe akatandika mkeka juu ya dimbwi, akaukalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

Mwaliko wa mtu mzima ataukataaje? Akakaa. Jasho lilinitoka kushinda lile dimbwi. Alipoinuka, suruali yake nyeupe ilikuwa inachuruzika.

"Haya, kashitaki," mama mkwe akamwambia, "na suruali uwaonyeshe."

Akaondoka kinyumenyume, akifoka tuchimbe shimo jipya. Siku ileile nilichimba mpaka nikasikia Wapemba wakipiga soga kule kisiwani kwao, ng'ambo ya bahari.