Askofu wa Visiwani na Kaburi la Bibi Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini kama askofu nilizika watu. Boti ya misheni ilinifikisha kisiwani asubuhi, na pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, nilitarajia ngoma na vigelegele. Nikakuta majeneza. Mtumbwi wa abiria ulikuwa umezama. Nikavaa stola, ule ukanda wa ibada wa shingoni, juu ya nguo zilizolowa, nikaanza ibada.

Mkuu wa shirika letu la kimisionari, padre mzee asiyependa maneno mengi, alikuwa amenionya: "Usidanganyike na kofia na fimbo. Kule askofu ni mtu wa boti. Mara nyingi utafika umechelewa. Wewe fika tu."

Nawaandikia ninyi mafrateri, vijana wa upadre, mnaokuja kunisalimu hapa Kabeza, karibu na uwanja wa ndege, katika nyumba ya mapadre wastaafu, mkasubiri ndege ipite ndipo mniulize kazi ile ilikuwaje. Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, nilizaliwa Karagwe, nikatumwa visiwa vya Ziwa Viktoria. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka vigango, yaani makanisa madogo yasiyo na padre wa kudumu, ambako katekista ndiye anayefundisha dini, anayeongoza sala na anayezika. Katekista wa kisiwa ninachotaka kuwasimulia aliitwa Mabula. Mwalimu wa kwaya aliitwa Lukas, seremala wa mitumbwi, mwenye sauti nzito iliyojaza kanisa.

Mwaka kipindupindu kilipoingia, nilikuwa huko kwa ziara ya kichungaji. Boti ya serikali yenye dawa ilikuwa haijafika. Tulizika watoto, tukazika mama zao. Halafu watu wakaanza kuulizana nani anayewaua kwa uchawi, na midomo yote ikamwelekea Bibi Kabula, kikongwe aliyeishi peke yake nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa. Mabula alimwahi, akamleta kanisani. Tukamketisha sakristia, kile chumba cha kuvalia mavazi ya misa.

Walikuja mchana kweupe, wana mapanga na mawe. Wengi niliwajua, nilikuwa nimewakomunisha wiki hiyohiyo. Lukas alikuwa mbele. Watoto wake wawili walikuwa wamekufa.

"Baba Askofu, tupishe," alisema. "Wewe hatuna ugomvi na wewe."

"Mna ugomvi na nani?"

"Yeye anajua. Kila nyumba hapa imelia. Yake tu haijalia."

"Yake haina wa kuliliwa, Lukas. Aliwazika wote zamani."

"Tupishe, Baba."

Nilibaki mlangoni. Mabula akaja kusimama kando yangu. Jiwe likaruka kutoka nyuma, sikuona aliyelirusha, likampata Mabula jichoni. Aliketi chini taratibu, damu ikamchuruzika kati ya vidole. Mwanamke mmoja akalia, "Mmemuua katekista!" Hapo ndipo panga la kwanza lilipoinamishwa chini. Wakaondoka mmoja mmoja, bila kutazamana.

Jicho la Mabula halikupona. Hakuna aliyeshtakiwa, kwa kuwa hakuna aliyekubali kwamba aliona.

Bibi Kabula nilimvusha kwenda bara, kwa masista wanaotunza wazee. Alikuwa na kitanda safi na chakula cha moto. Kila nilipopita aliuliza, "Baba, narudi lini?" Nilimjibu mambo yakitulia. Akafa yakiwa hayajatulia. Alikuwa ameomba alazwe karibu na wanawe, basi nikaurudisha mwili kwa boti. Mwaloni watu walitupa kisogo. Mimi na Mabula tulichimba kaburi, yeye na jicho lake moja, tukampumzisha bila wimbo.

Mwaka uliofuata nilirudi kutoa kipaimara, ile sakramenti ambayo askofu huwapaka vijana krisma, mafuta matakatifu, kwenye paji la uso. Lukas alikuwa msimamizi wa mpwa wake. Ilimpasa kuweka mkono begani mwa kijana; akauweka, akauondoa upesi. Baada ya misa alinifuata.

"Baba, unaniona mtu gani?"

"Seremala," nilimwambia. "Kaburi la Bibi Kabula halina msalaba."

"Mikono hii?"

"Una mingine?"

Aliondoka bila kuaga. Mwaka huohuo nilistaafu, nikarudi katika nchi ya wazazi wangu.

Siku hizi husoma misa ya Kiswahili huko Kicukiro, jirani na hapa, na mara nyingine huwaungamisha walinzi na madereva wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri. Wananiambia mambo mazito kwa sauti ndogo. Nilipomsimulia habari hizi Sista Vestine, anayetupikia hapa, aliacha kumenya viazi, akauliza kwa Kiswahili cha huku, ambako askofu huitwa Musenyeri.

"Musenyeri, ile watu iliomba musamaha?"

"Hawakuomba."

"Hata moja?"

Nilimweleza alichoniambia Mabula kwa simu. Lukas alichonga msalaba, akausimamisha mwenyewe mchana, watu wote wakimwona. Kesho yake ukakutwa umeng'olewa na kutupwa ziwani. Akachonga mwingine, nao ukang'olewa. Kwaya imempata mwalimu mpya, na wateja wa mitumbwi wanampita.

"Sasa anafanya nini?" Sista aliuliza.

"Anachonga mwingine," nilimjibu.

Alirudi kwenye viazi vyake.