Kurudi kwenye Kisiagi cha Nyansiongo

Mama Kemunto alinipigia simu akasema kisiagi cha mahindi cha marehemu mumewe kimegoma kuwaka. "Ukishindwa wewe, mwanangu, nitakiuza." Mumewe, Mzee Ombati, ndiye aliyenifunza umeme, na sikuwa nimekanyaga kwake tangu tumzike.

Saa mbili asubuhi niliondoka Kisii kwa pikipiki. Kupita Keroka baridi iliniuma vidole, kisha yakaja mashamba mapana ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Zamani nilipita hapa nikiwa nyuma ya Mzee, nimekumbatia mita yake ya kupimia umeme isigongwe.

Nyansiongo, saa nne. "Bwakire, mwanangu. Umenenepa!" Mama alinisalimu kwa Kigusii, akanipa chai kabla sijafungua begi. Ukutani mwa kisiagi, mistari miwili ya makaa aliyonichorea Mzee ilikuwa bado ipo. Mama alikataa ipakwe rangi. "Huu wa chini ni relay," Mzee aliniambia siku alipoichora. "Motor ikilemewa, itangulie kukata. Huu wa juu ni breka, swichi kubwa ya kukata umeme. Yenyewe ingoje hadi nyaya zigusane."

Nilifungua sanduku la umeme. Motor inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, kwa sekunde chache tu. Fundi aliyenitangulia aliweka breka ya haraka, isiyoweza kuvumilia sekunde hizo. Akadhani kosa ni la relay, akaipandisha hadi ampea thelathini na mbili, ilhali kibati cha motor kinasema ishirini na mbili. Hata ingewaka, ingeungua.

Niliweka breka yenye subira, nikarudisha relay ishirini na mbili. Kisiagi kikanguruma.

"Sasa mimina mahindi kupita kiasi."

"Utaniharibia!"

"Mimina tu, Mama."

Motor ililia kwa uzito, na baada ya muda relay ikakata. Breka haikuguswa. Mama alicheka, kisha akajifuta machozi kwa leso. "Hata yeye alikuwa akinitisha hivi hivi."

Saa tisa, njiani kurudi, nilisimama Keroka nikampigia yule fundi kwa namba aliyonipa Mama. Akaanza kujitetea. Nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: mwaka wangu wa kwanza niliipandisha relay ya mteja namna hiyo hiyo, motor ikaungua, na Mzee akamwambia mteja, "Kosa ni langu." Hakulitaja tena hadi alipokufa. Miaka yote nilidhani alinifunza umeme tu.

Fundi akaacha kujitetea. "Sasa hiyo breka ingine inaitwaje?"

Nilizima pikipiki, nikamweleza polepole, kuanzia mwanzo.