Jiwe la Kufulia

Miaka ile ya Zaire nilitafuta diplome ya uandishi wa habari kwa masomo ya jioni. Mchana nilibeba magunia bandarini Kalemie, na naapa nusu ya mahindi ya jimbo zima yalipita kwenye shingo yangu. Jioni nilikaa darasani nikigombana na macho yangu yasijifunge. Nilichoka hata ningeweza kulala nimesimama kama korongo, mguu mmoja juu.

Nilitaka kuandika habari za ziwa, za miti inayochomwa ikageuka makala, mkaa wa kupikia, milimani, za ndakala, dagaa wetu, wanaopungua. Mwalimu wa somo la mazingira akatupa kazi ya mwisho: chagua kitu kimoja, kitazame wiki sita, uandike. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudia mwaka mara moja. Pale kwetu, kushindwa mara ya pili njo kufukuzwa.

Nikachagua maji ya ziwa. Watu walisema yanapanda, basi, nitayapima. Mahali wamama wanapofulia nguo palikuwa na jiwe kubwa, bapa. Nikalichora mistari kwa rangi ya bandarini, na kila asubuhi kabla ya magunia nikashuka pale na daftari, magoti yakilia kama mlango mbovu. Mvua ilinyesha kama mbingu imepasuka. Maji yakabaki kwenye mstari wa pili. Wiki sita, mstari wa pili! Nikaandika kurasa kumi na mbili: ziwa halijapanda hata unene wa kidole, watu wanazusha.

Ilikosekana sauti ya muntu, maana mwalimu hakupokea kazi isiyo na sauti ya muntu. Siku ya kutoa kazi, asubuhi, nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akifua.

"Mama, tangu mvua ianze, maji yamebadilika?"

"Eh, Papa! Yamekula hata pale penye tulikuwa tunaanikia."

"Lakini jiwe linaonyesha mstari ule ule."

"Jiwe tunalisukumaka. Maji yakipanda, tunalipandisha. Ulitaka tufulie maji yakiwa kiunoni?"

Nikainama kuitazama mistari yangu. Akaacha kufua, akanitazama.

"Kumbe ile mistari njo yako? Sisi tulisema ni watu wa serikali! Kila tukilisukuma tunaliweka sawasawa, mstari wa pili kwenye maji, wasije wakasema tumeharibu kitu chao."

Wenzake wakacheka mpaka sabuni ikawatoka mikononi. Mimi nikakaa juu ya jiwe langu. Wiki sita nilikuwa nimepima utii wa wamama wa Kalemie.

"Mama, mwanzoni lilikuwa wapi?"

Akapandisha kitambaa chake cha kiunoni, akaingia ziwani hatua nyingi, akasimama. Maji yalimfika mapajani.

"Hapa."

Sikwenda kwa magunia siku ile. Nikazichana kurasa kumi na mbili, nikaandika mbili tu: jiwe, woga, na mapaja ya mama yule.

Jioni mwalimu alizisoma mbele yangu, polepole.

"Sitwayeni," akasema, yaani raia, kama tulivyoitana wote siku zile, "ulipima vibaya sana."

"Ndiyo, sitwayeni mwalimu."

"Lakini uliuliza. Umepita, kwa unywele mmoja."

Wenzangu wanasema alinipa na mashauri marefu. Sijui. Kichwa changu kilikuwa tayari juu ya benchi.