Bi Tumu na Ofisi Inayohama

Watu wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, wakimtaja Bi Tumu, kwanza husema habari za usafi wake. Nyumba yake ni vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na ngazi ambayo ni ya wapangaji wote huipiga deki yeye, bila kungoja zamu ya mtu. Mumewe, Bwana Kamaludin, yuko kitandani tangu aliposhikwa na kiharusi. Upande wake wa kulia umekufa na mguu wa kushoto haumtii. Lakini hakuna mgeni aliyewahi kuingia chumbani mwake akakuta harufu isiyokuwa ya udi. Bi Tumu alijivunia jambo hilo, na ilikuwa haki yake. Ndilo pia lililomponza.

Hawakujaaliwa watoto. Aliyemgeuza mgonjwa, aliyemwogesha, aliyemkalisha chooni na kumrudisha kitandani ni yeye, mwanamke mwembamba anayeweza kupita kati ya milango miwili iliyorudishwa. Na Bwana Kamaludin zamani alikuwa nyapara wa makuli katika maghala ya Shimanzi. Maradhi yalimnyang'anya nguvu, uzito yakamwachia. Kofia za mkono alizokuwa akishona Bi Tumu, ambazo wanaume walimwagizia mapema kabla ya Idi, zikabaki kikapuni nusunusu. Mwisho mgongo ukaanza kumkata. Daktari hakumzungusha: akiendelea kumbeba mtu mzima peke yake, watalala wawili na hatakuwapo wa kumpa mwenzake maji.

Kwa hivyo akaomba ile ruzuku ya serikali ya watu wenye ulemavu mkubwa, wasioweza kujihudumia. Hakuomba kwa tamaa. Alitaka ampate mtu mwenye mikono, amlipe, aje kila alfajiri kumwinua mumewe.

Aliomba wakati mbaya. Ofisi iliyoshughulikia mambo hayo ilikuwa ikiunganishwa na nyingine, karatasi zikiachwa na kila kitu kikiingizwa kwenye kompyuta, na maafisa wenyewe hawakujua kesho watakalia meza ipi. Vijana wa mtaa walimshusha Bwana Kamaludin juu ya kiti wakampeleka hospitali akapimwa. Kisha kimya. Mwezi wa Mfunguo mosi ukapita, na wa pili, na wa tatu. Hatimaye simu ikapigwa: afisa atakuja nyumbani kumwona mwombaji kwa macho yake.

Bi Tumu alimpokea afisa kama anavyopokewa mgeni. Alimwogesha mumewe, akamvika kanzu iliyopigwa pasi, akamkalisha kwa mito mitatu nyuma na leso iliyofungwa kiunoni isionekane, ili asianguke. Akafukiza udi. Akapika kaimati.

Afisa alikuwa msichana aitwaye Truphosa, mtu wa bara, aliyehamishiwa Mombasa juzi tu. Alikaa, akafungua tableti yake.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Wewe hujambo, mwanangu? Na wa nyumbani wote hawajambo?"

"Hawajambo. Afya yako ikoje?"

"Namshukuru Mungu, sina neno."

"Kula, unakula mwenyewe?"

"Nala vizuri sana. Huyu bibi upishi wake hauna mfano. Hebu onja hizo kaimati."

"Na kutembea?"

"Polepole, inshallah."

Truphosa akaandika kila jibu. Bi Tumu, aliyesimama mlangoni na birika la kahawa, alisikia yote akafurahi moyoni: mwili umemwangusha mumewe, adabu hazijamtoka. Mtu wa Mji wa Kale hamwanzii mgeni kwa kumhesabia maradhi. Ya ndani husitiriwa, na anayeuliza hali hupewa shukrani.

Jibu lilikuja kwa simu, la mstari mmoja. Ombi limekataliwa, mwombaji anajimudu.

"Anajimudu!" akasema Maisara, jirani wa ng'ambo ya ngazi, akipiga kofi. "Basi na aje anitekee maji, magoti yangu hayajimudu!"

Bwana Kamaludin alicheka kutoka kitandani. Bi Tumu hakucheka. Alivaa buibui lake akaenda.

Ofisi haikuwapo. Askari wa mlangoni alimwambia wamehama.

"Wamehamia wapi?"

"Upande wa Kizingo, mama. Ndivyo nilivyosikia."

Ofisi ina haki ya kuhama. Haina haki ya kuhama bila hata kubandika kipande cha karatasi mlangoni, huku ikijua kwamba wanaoitafuta ni vipofu, viwete na wanaowabeba. Bi Tumu alikwenda Kizingo kwa miguu, mkono kiunoni, katika barabara za miti na mageti ambako apitaye kwa miguu hutazamwa mara mbili. Huko akaambiwa waliohamia ni nusu. Nusu nyingine bado wako mjini. Akarudi mjini siku ya pili. Akamkuta Truphosa kwenye ukumbi mwembamba, meza yake imewekwa kati ya makabati ambayo bado hayajapata chumba.

"Mwanangu, umeandika mume wangu anajimudu."

"Niliandika alichosema, mama. Nilimuuliza, akasema hana neno."

"Wewe ukiulizwa hali na mgeni wasemaje?"

"Kwetu mtu akiumwa na goti, anasema goti. Tena anakunja suruali akuonyeshe."

Bi Tumu alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Truphosa naye akacheka, kisha akashusha sauti. Yale maombi yaliyokataliwa, alisema, hayakuchukuliwa kwenye mfumo mpya. Itabidi aanze mwanzo kabisa. Lakini akianza, yeye atakuja tena mwenyewe.

"Na nikija, mama, usinipikie."

Akaanza mwanzo. Akangoja tena.

Siku ya afisa kuja iliposogea, Maisara alikuja na shauri. "Safari hii tumia akili. Mlaze juu ya lile godoro bovu la juu darini. Usimwogeshe. Mwambie asiseme kitu, amung'unye tu, mate yamtoke. Wenzako wote wafanya hivyo."

"Nimdhalilishe mume wangu ili nipewe?"

"Ni siku moja tu, wewe!"

"Uongo hauna siku moja, Maisara. Nenda kapike."

Maisara akaondoka amenuna. Lakini neno lile lilibaki na Bi Tumu, likamgeukia. Kama godoro bovu ni uongo, ile mito mitatu ilikuwa nini? Ile leso aliyoificha chini ya kanzu? Aliipanga ili mgeni aone mtu anayekaa mwenyewe, na mgeni akaona alichoonyeshwa. Alikuwa na hasira na msichana wa watu kwa kuuamini uongo wake mwenyewe. Bi Tumu ni mtu wa swala tano na hajihurumii; alilikubali hilo pale pale, hata hakuketi.

Baada ya alasiri alimwendea mumewe.

"Bwana, afisa nimemwambia aje asubuhi, kabla sijakuogesha."

Bwana Kamaludin aligeuza uso ukutani. "Wanitoa uchi mbele ya msichana wa watu?"

"Si uchi. Atakaa ukumbini. Nitarudisha pazia. Lakini asikie, na akikuuliza umwambie kweli."

"Miaka yote nimeamrisha wanaume. Leo nimwambie mtoto mdogo kwamba sijifikishi chooni?"

"Na mimi nikianguka, nani atakufikisha?"

Mzee alikataa hata chai. Bi Tumu alimwekea pale pale ikapoa, wala hakumbembeleza, kwani alijua kitu anachomwomba ni kikubwa, na kitu kikubwa mtu hukitoa mwenyewe au hakitoi.

Truphosa alikuja mapema, viatu mkononi, kwa sababu ngazi ilikuwa mbichi kwa deki. Hapakuwa na udi. Hapakuwa na kaimati. Aliketi ukumbini kama alivyoambiwa, na kutoka nyuma ya pazia akamsalimu mzee.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, alhamdulillahi," ikaja sauti, nzuri, ya kibwana.

Bi Tumu, aliyekuwa ameinama juu ya kitanda, alifumba macho. Yamekwisha, akajisemea.

"Baba, unaweza kuinuka hapo kitandani peke yako?"

Bwana Kamaludin alimtazama mkewe, ambaye alikuwa ameshampitishia mikono kwapani na kukaza meno kabla hata ya kuinua, maana mgongo ulimkumbusha mapema. Aliuona uso ule kwa karibu, pengine mara ya kwanza bila ya kujifanya anatazama kwingine.

"La," akasema. "Siwezi."

"Kukaa?"

"Siwezi. Siku ile ulinikuta nimefungwa kwa leso kama mzigo. Kula nalishwa. Chooni nabebwa. Andika, mwanangu. Pale Shimanzi nilikuwa na makuli chini yangu wakinijazia uwanja. Sasa nimebaki na kuli mmoja, na yeye mgongo umekatika, na hajalipwa hata siku moja."

"Nyamaza nawe," akasema Bi Tumu, machozi yakimdondokea kwenye mto. "Kuli gani mimi."

"Kuli mkaidi. Hagomi."

Wakati huo mguu wa mzee ulikwama kwenye shuka na wote wawili wakayumba. Truphosa aliitupa tableti juu ya kiti, akaingia bila kubisha hodi, akashika upande wa pili. Wakamkalisha. Msichana alikuwa anahema.

"Mama, hii unaifanya peke yako kila siku?"

"Hii ni nyepesi," akasema Bwana Kamaludin. "Ngoja twende chooni."

Jibu halikuja upesi. Ofisi ilihama tena, na mara mbili Bi Tumu alipanda ngazi za jengo lisilokuwa lenyewe. Lakini jibu lilikuja, na safari hii lilikuwa la kukubali.

Aliyepatikana ni Baya, kijana wa Kisauni mwenye mabega kama meza, aliyewahi kumuuguza babake. Asubuhi ya kwanza Bi Tumu alimsimamia kama mwalimu wa chuo cha Kurani: si hivyo, shika kiuno, usimvute mkono ule, hausikii. Asubuhi ya pili alimsimamia tena. Ya tatu, baada ya kuswali, alikaa kidogo juu ya mswala kungoja hodi, akaegemea ukuta, na usingizi ukamchukua pale pale na tasbihi mkononi.

Baya aliingia, akamkuta hivyo, akataka kumwita.

"Wee!" Bwana Kamaludin akamnong'oneza kwa ukali wote wa nyapara. "Ukimwamsha huyo, nakufuta kazi. Vua viatu. Na hicho kikohozi kimeze."

Jua likaingia ukumbini, likafika magotini pa Bi Tumu, naye bado amelala.