Gari Ambalo Sikulifikia

Leseni yangu ilikuwa na wiki tatu siku nilipougonga ukuta wa ukumbi wa mtaa wetu, Ziwani. Kile kijitabu chekundu nilikuwa nakibeba kila mahali, hata nikienda kuoga. Jumatatu ningeanza udereva katika kampuni moja ya mikate, na walikuwa wameniambia wazi: leseni safi, isiyo na kesi.

Nilikuwa naendesha pikapu ya baba mdogo, nimepakia viti vya kanisa. Nilikuwa peke yangu, na mbele hakukuwa na gari lolote. Gurudumu la mbele la kushoto likazama ghafla kwenye shimo la maji taka ambalo mfuniko wake ulikuwa umeibwa. Usukani ukaniponyoka, pua ya pikapu ikaingia ukutani, na viti vikaruka juu kana kwamba vinashangilia.

Watu wa mtaa wetu ni wepesi wa kusaidia. Kabla sijajua kama nimeumia, wanaume kumi walikuwa wameishika pikapu. "Moja, mbili, juu!" Ikatoka. Mama muuza samaki akasema watoto wataanguka mle, basi wakaburura bamba la zege wakalifunika shimo. Wakafagia vioo. Wakapanga hata viti. Askari wa trafiki alipofika alikuta barabara safi, pikapu iliyobonyea, na mimi kando ya ukuta uliobomoka.

"Uligongana na nani?"

"Na ukuta, afande."

"Peke yako?" Akaichukua leseni yangu, akaitia mfukoni. "Kuendesha bila uangalifu. Twende kituoni uandike taarifa. Mengine utamwambia hakimu pale Makadara."

Baba mdogo alifika mbio kutoka kazini kwake, shirika la reli, pamoja na mwenzake wa ofisini. Aliitazama pikapu, kisha akanitazama mimi. "Uko mzima?" Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo alipoanza kufoka. Alikuwa na bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, lakini bila karatasi ya polisi ya kueleza ajali, bima hawatoi kitu.

Mwenzake huyo, ambaye alipenda kujifanya wakili, akatuvuta pembeni. "Ajali ya gari moja ina mkosaji mmoja tu, ndugu yangu. Kijana aseme alisukumwa na gari lingine, likatoroka."

Wazo hilo lilipendwa na wote. Muuza samaki na fundi viatu wakajitolea kuwa mashahidi papo hapo, na kwa furaha kabisa. Tukaelekea kituoni kwa miguu kama kwaya inayokwenda mashindanoni.

Afande akanipa karatasi na kalamu. Mimi niliishia darasa la nane, na huandika polepole. Kila herufi naikagua kabla ya kuiacha. Nilikuwa mstari wa pili alipochoka kuningoja, akawageukia mashahidi.

"Ilikuwa lori la kijani," fundi viatu akasema. "Mbio kama ambulensi!"

"Lori gani?" muuza samaki akaruka. "Ilikuwa teksi nyeupe, afande. Ilinitimulia vumbi kwenye samaki wangu!"

"Mama, wewe ulikuwa unaangalia karai lako."

"Na wewe ulikuwa unaangalia soli!"

Afande alicheka hadi akavua kofia. Kisha akaivuta karatasi yangu, akasoma kwa sauti: "Nilikuwa nateremka polepole. Gurudumu la mbele la kushoto likaingia kwenye shimo lisilo na mfuniko." Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Na lori?"

Baba mdogo alikuwa anaangalia dari.

"Bado sijalifikia, afande."

"Usilifikie," akasema. "Bima wakikuta uongo mmoja wanatupa faili nzima, na mimi nitawapeleka wote Makadara. Sasa hilo shimo liko wapi? Mbona sikuliona?"

"Tulilifunika," muuza samaki akasema kwa sauti ndogo.

Sikumbuki kama tulitembea au tulikimbia kurudi. Wanaume wale wale wakainama. "Moja, mbili, juu!" Bamba likaondoka. Ukingo wa shimo ulikuwa umemeguka upya, na juu yake kulikuwa na rangi ya bluu ya pikapu. Afande akachuchumaa, akaikwaruza kwa ukucha. Akahesabu hatua kutoka shimo hadi ukutani, huku mtaa mzima ukizihesabu naye.

Akafunga daftari. "Huyu hakuendesha vibaya. Hakuna kesi. Nitawaandikia bima hivyo."

Kelele zilizopigwa! Nilijikuta nimeinua mikono yote miwili.

"Lakini amalize taarifa yake," afande akasema, akiitoa leseni mfukoni na kuishika mbele yangu.

Wakaniletea kiti kimoja cha kanisa, nikaegemeza karatasi kwenye boneti iliyokunjamana. Watu wakanizunguka, shingo juu ya shingo.

"Andika haraka, kijana, kabla afande hajabadili nia!" fundi viatu akanihimiza.

Sikuharakisha. Nikaandika kwa mwendo wangu, herufi moja baada ya nyingine: Hakukuwa na gari lingine.