Jembe la Posa

Baba yangu alioka mkate laini kuliko mwanamke yeyote wa Iringa, na sisi wanawe hatukuwahi kuuonja. Ilikuwa miaka ya hamsini, naye alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule mlimani. Alimenya karoti, alipiga mayai mpaka yakawa povu, alinyoosha vitambaa vya meza kwa pasi ya mkaa, na bibi mwenye nyumba alipojifungua, baba akafua hata nepi. Jioni alivua aproni, akavaa kofia, akashuka nyumbani kuwa mwanaume.

Uanaume wenyewe ulikuwa kazi ya kukaa. Siku moja mama alipolala na homa, baba alikaa pembeni ya sufuria iliyokuwa ikichemka, akanisubiri nirudi kisimani nisonge ugali. Nilikuwa mtoto, mwiko mrefu kuliko mkono wangu. Mtu aliyetoka kupika pudini mchana huo huo alinitazama nikihangaika, kisha akaniambia ugali una madonge. Nilimdharau tangu siku ile, na kufa kwake hakujanipunguzia dharau hata kidogo.

Dada yangu alipata mchumba, fundi seremala, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu aliyekuja Iringa kutafuta kazi. Alikuwa mpana wa mabega na mpole wa maneno. Dada alimpenda mpaka akawa anasahau chumvi kwenye mboga. Mazungumzo ya wakubwa yakaenda vizuri, na mshenga, ambaye ni mjomba wetu, akamwambia kijana neno la mwisho: "Sasa kwetu sisi, mchumba analeta jembe."

Hakuna aliyeona haja ya kueleza zaidi. Kwetu Uheheni hata mtoto alijua kwamba posa hufunguliwa kwa jembe jipya lisilogusa udongo, nalo ni jembe atakalolimia mke. Lakini kwa akina yule kijana, anayetaka kuoa hupeleka mikono yake kwenye shamba la wakwe. Huko kulima ilikuwa sifa ya mwanaume, na anayemwachia mkewe ardhi ngumu ndiye aliyechekwa.

Basi akaleta jembe. Alifika alfajiri na wenzake wawili, wakapita nyumba yetu, wakaenda moja kwa moja shambani kwa mama, wakavua mashati. Wazee walipokuja kukaa kwenye viti kungojea posa, nusu ya shamba ilikuwa imeshapinduliwa, matuta yamenyooka kama yamepigwa rula.

Majirani wa kike walijaa ukingoni mwa shamba wakicheka huku wameshika mbavu. Wanawake hao walikuwa wamevunjika migongo kwa kazi ile ile, na siku wanaume watatu walipoifanya, wakaona kichekesho! Baba akatoka na kikombe chake cha chai, akatazama, kisha akamgeukia dada mbele ya watu.

"Umeniletea mkwe, au umemletea mama yako mke mwenza?"

Kijana akaja, tope mpaka magotini, akapiga goti na kumnyooshea jembe kwa mikono miwili. "Baba, niliambiwa nilete jembe, nimeleta. Shamba hii mama asiiguse mwaka huu."

"Jembe chafu halipokewi," baba akasema. "Simwozi binti yangu kwa mtu anayelima kama mwanamke."

"Kwetu mama mkwe akilima ardhi hii, mimi ndiyo nachekwa, baba."

"Basi rudi kwenu."

Hapo dada akafungua mdomo. "Na wewe, baba, kule mlimani ni mke mwenza wa nani?"

Kicheko kikakatika. Baba akampiga kofi kwa mkono ule ule ulionukia vanila, na wazee wakaguna kwamba binti hana adabu. Mshenga akalifuta jembe kwa majani, akamrudishia mwenyewe. Kijana alivaa shati lake bila kufunga vifungo, akaondoka. Nasikia alirudi Mbeya.

Mama alipanda mahindi kwenye matuta yale. Hakuwa amewahi kupata shamba lililolimwa vile, na hakumtetea mtu. "Baba yenu ameshasema," ndilo neno lake pekee. Mahindi yakastawi, baba akatafuna ya kuchoma, akayasifu utamu wake.

Baada ya mavuno akaja mwanaume mwingine, wa Idodi. Jembe lake lilikuja limefungwa kitambaa cheupe, linang'aa, wazee wakalipokezana mkono kwa mkono kama kichanga. "Huyu ndiye mwanaume," baba akasema. Dada hakuulizwa kitu.

Miaka michache baadaye nilimtembelea. Mumewe nilimkuta barazani kwenye kigoda, akanielekeza shambani kwa kidevu. Dada alikuwa anapiga jembe, mtoto mgongoni, mwingine tumboni. Jembe lilikuwa lile lile la posa, limelika mpaka limebaki upana wa kiganja. Nikamwambia kwa hasira kwamba angalau mumewe amnunulie jingine.

Akaligeuza, akakwangua udongo kwa kidole gumba.

"Hili lilikuja peke yake," akasema. "Lile jingine lilikuja na mtu."