Nani Ataniozesha

Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Muhindi pale Lindi, enzi za Mwingereza, na alikuwa mlevi. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu nyumbani kwetu halikuwa likisemwa. Ilisemwa baba hajisikii vizuri, baba kachoshwa na jua, baba ana kichwa. Mama alikuwa na maneno chungu nzima ya kumsitiri, na mimi, mtu wa hasira tangu utotoni, maneno yale yaliniudhi kuliko ulevi wenyewe. Mficha uchi hazai, nasi tulificha jambo ambalo mtaa mzima ulilijua.

Alikunywa tembo la mnazi. Msimu wa mabibo alikunywa uraka, na gongo ikipatikana hakuiacha. Hakuwa mpigaji, alikuwa mtu wa kulia. Lakini mikono ikaanza kumharibia kazi. Kanzu ya Idi ya mtu ikatoka mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, mpaka Muhindi akamwomba kwa adabu apumzike nyumbani. Mama akaanza kukaanga vitumbua vya kuuza. Majirani walisema sikio la kufa halisikii dawa, tena walisema sisi tukiwasikia.

Basi ikaja posa. Mchumba alikuwa kijana mkulima wa Milola, mpole, na sitaki kusema uongo, nilimtaka. Sheikh akamwita baba kando, akamweleza kwamba walii wa kuozesha ni lazima awe mtu mwadilifu. Mlevi ni fasiki. Asipoacha, nitaozeshwa na mdogo wake. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, ila alifurahi haraka mno. Mimi nikawaka. Kuozeshwa na ami ni kwa yatima, na baba yangu alikuwa hai, anakula chakula cha nyumba ileile. Nilimtaka yeye, wala sikumficha.

Baba akaapa kwamba ameacha. Mama akamfungia chumbani, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Siku ya kwanza alilala. Iliyofuata akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, chakula hakikai. Kisha akaona siafu wanapanda ukuta, akawa anazungumza na marehemu bibi yangu kana kwamba amekaa pale kitandani. Hakuna aliyesema ni tembo. Tembo si kaliacha? Shangazi, dada yake baba, akatoa hukumu: huyu ana pepo, na pepo ndiye aliyekuwa akimnywesha siku zote.

Akaletwa mganga na ngoma yake na ubani. Desturi ni kwamba pepo akishapanda kichwani anaulizwa anataka nini, kisha anapewa ili atulie. Wengine hutaka kitambaa, wengine kuku. Huyu wetu, kwa kinywa cha baba, akataka tembo. Loo! Hata mimi ningeweza kuwaambia hilo bila ngoma. Mganga akasema dawa ya moto ni moto, kikaletwa kibuyu, baba akanywa. Haikuchukua muda mikono ikatulia, jasho likakauka, akawauliza wageni hali zao kwa heshima kama zamani. Shangazi akapiga vigelegele. Nikatoka uani nikapiga teke chungu cha maji, kikapasuka.

Mama akanifuata. Nilingoja kugombezwa. Akaviangalia vigae, akasema tumpeleke kwa masista.

Hospitali ile ya misheni ilikuwa bara, tukapanda lori la mizigo. Shangazi alitusindikiza na laana zake, eti watambatiza akiwa usingizini. Hawakumbatiza. Walimpa dawa, walimlisha uji, walimlaza mahali ambapo mtu anamwona wakati wote. Sista mmoja, mzee, mwenye Kiswahili cha taratibu, akatueleza kwamba mtu aliyekunywa miaka mingi akikatishwa ghafla mwili unagoma, na kule kumfungia mlango peke yake kungeweza kumuua. Mama akakaa chini pale pale sakafuni. Sista akaongeza kwamba mikono huenda ikachelewa kutulia, tusione ajabu.

Sitasema alipona moja kwa moja. Baadaye, mimi niko Milola na watoto, alirudia tembo, tukamrudisha kwa masista, akarudia tena. Hayo nayajua. Lakini mwaka ule alirudi hanywi, amekonda, akaenda mwenyewe kwa sheikh kutubu, na sheikh akaridhika kwamba baba ndiye atakayeniozesha.

Siku ya ndoa wanaume walijaa barazani. Mimi nilikuwa ndani nimefunikwa, shangazi ubavuni, pazia tu baina yetu na wao. Ikazungushwa kahawa. Baba alipopokea kikombe, mkono ukacheza, kahawa ikamwagikia kanzu ya mjomba wa bwana harusi. Nikasikia mtu akisema, "Hata leo." Minong'ono ikapita, kisha sheikh akamuuliza kwa sauti ya chini kama amekunywa.

Baba akajibu, nami nikamsikia vizuri, "Ningekuwa nimekunywa, sheikh, mkono huu ungekuwa umetulia."

Baba mdogo akasema ili kuondoa aibu yeye yuko tayari, na sheikh akasema labda ni heri kuepusha maneno. Nikangoja baba agombe. Hakugomba, akampisha ndugu yake njia. Moyo uliniuma, wallahi, sijui niuelezeje.

Baba mdogo akaja mlangoni kuniomba idhini. Desturi inajulikana: mwari haongei, anainamisha kichwa, na kimya chake ndiko kukubali kwake. Shangazi alikuwa amenifunza hivyo wiki nzima. Baba mdogo akaniuliza kama nimempa ruhusa aniozeshe. Nikaona kwamba nikinyamaza nimeshampa.

"Mimi nina baba," nikasema. "Aje aniulize yeye."

Shangazi akanifinya paja. Baba mdogo akauliza tena, nami nikarudia kwa sauti ya kufika barazani. Huko nje mtu mmoja akakohoa. Mwisho sheikh akasema aitwe baba yake.

Alikuja. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na bado nilimwona anatetemeka mpaka mabegani. Akaniuliza yale maneno, moja moja, kama mtu anayeogopa kukosea. Hapo kwa desturi ningenyamaza naye angeelewa. Lakini miaka yote ile tulikuwa tumemnyamazia.

"Nimekubali, baba," nikamwambia. "Niozeshe wewe."